Tunda Lipewe Nafasi Yake: Mwongozo wa Kula Matunda Kila Siku kwa Mkazi wa Dodoma

Mkazi wa Dodoma hupita kando ya matunda kila siku bila kuyala. Asubuhi hupita kwenye ndoo za zabibu zilizopangwa kando ya barabara, mchana hupita kwenye toroli la matikiti na mananasi, na jioni hurudi nyumbani akiwa amekunywa chai ya sukari mara 2, amekula maandazi na kunywa soda, pasipo tunda hata moja kuingia kinywani. Niliishi hivyo kwa miaka kadhaa huku nikijiambia kwamba ninapenda matunda, na kwa kweli nilikuwa ninayapenda, ila hayakuwa na saa yake wala mahali pake. Chai ilikuwa na saa yake, ugali ulikuwa na saa yake, hata soda ilikuwa na saa yake, yaani ule muda wa saa 9 alasiri ambapo jua limekwisha kumchosha kila mtu; tunda peke yake ndilo lililosubiri nafasi ibaki, na nafasi haikubaki.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzi na vitamini, ingawa zitatajwa. Unaanza na namna ya kulitengea tunda saa katika siku, kisha unaeleza jinsi ya kulichagua sokoni, kulisafisha, kulihifadhi katika hewa kavu ya mji huu, na kuwapa wale ambao hawapaswi kulila kama watu wengine.

Kiasi kinachotosha

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, bila kuhesabu viazi, muhogo na vyakula vingine vya wanga vya namna hiyo. Kiasi hicho hugawanywa kwa kawaida katika sehemu 5 za gramu 80 kila moja. Chungwa moja la wastani ni sehemu moja, ndizi mbivu moja ni sehemu moja, kipande cha papai kinachojaza kiganja ni sehemu moja, na konzi ya zabibu vilevile. Kwa kaya nyingi za huku mboga tayari zipo, kwa maana mlenda, mchicha, majani ya kunde na majani ya maboga havikosi mezani, na kwa hiyo mtu anayekula mboga mchana na usiku anabakiwa na deni la matunda mara 2 au 3 tu kwa siku. Hesabu hii ni ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani, na ndiyo iliyonipa moyo wa kuanza.

Badilisha, usiongeze

Kosa linaloangusha watu wengi ni kuongeza tunda juu ya vyote wanavyokula, wakashiba kupita kiasi, wakaona gharama imepanda, na baada ya wiki 2 wakaacha. Tunda linapaswa kukaa mahali palipokuwa na kitu kingine. Chagua nafasi moja tu katika siku yako, ile ambayo kitu kinacholiwa hakina faida kubwa kwako, na ulihamishie tunda hapo kwa mwezi mzima kabla ya kugusa nafasi nyingine.

Nafasi iliyo rahisi zaidi kwa watumishi wa ofisini, walimu na wanafunzi ni chai ya saa 4 asubuhi. Mtu aliyezoea chai na maandazi 3 anaweza kubaki na andazi moja na kuweka ndizi 1 na chungwa 1 mahali pa yale mengine. Ndizi hushibisha, haihitaji kisu wala sahani, na ganda lake hulilinda tunda dhidi ya vumbi la njiani, ndiyo sababu naiona kuwa tunda la kwanza kwa mtu anayejifunza. Anayefanya kazi katika Mji wa Serikali Mtumba, au mahali popote ambapo wauza matunda hawako karibu, abebe kutoka nyumbani, kwa kuwa asiyebeba atanunua kilichopo, na kilichopo mara nyingi kimekaangwa.

Nafasi ya pili ni soda ya alasiri. Chupa ya mililita 350 ya soda ya kawaida ina sukari inayokaribia au kuzidi gramu 35, ambazo ni sawa na vijiko vidogo 8 hadi 9. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu anapata kwa siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa kawaida, na linasema ni bora zaidi ikiwa itabaki chini ya gramu 25. Soda moja, kwa hiyo, imekwisha kuvuka kile kiwango bora, kabla hata ya kuhesabu chai ya asubuhi. Kiu ya saa 9 huko Dodoma ni kiu ya kweli, maana hewa ni kavu na mwili umepoteza maji pasipo mtu kuona jasho, lakini kinachotakiwa ni maji. Kunywa kwanza glasi 2 za maji, subiri dakika 10, kisha kula kipande cha tikiti maji au nusu ya embe, na wengi wataona kwamba hamu ya soda imepungua yenyewe.

Nafasi ya tatu ni ya baada ya ugali, na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mama mjamzito na kila mlezi wa mtoto alijue. Madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani, maharage, uwele na mtama huingia mwilini kwa shida, lakini yakiliwa pamoja na chakula chenye vitamini C, kama pera, chungwa au papai, mwili huyapokea vizuri zaidi. Chai, kinyume chake, huzuia kupokelewa kwa madini hayo. Desturi yetu ya kuteremshia ugali na maharage kwa kikombe cha chai inapoteza sehemu ya faida ya chakula kilekile tulichokihangaikia. Isogeze chai walau saa 1 kabla au baada ya mlo, na mahali pake pakae pera au chungwa.

Juisi haichukui nafasi ya tunda, hata ikikamuliwa mbele yako. Tunda zima lina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu na zinazomfanya mlaji ahisi kushiba. Likikamuliwa na kuchujwa, nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio na sukari ya machungwa 4 huingia tumboni kwa dakika 1. Ukinunua juisi ya kibandani, sema mapema isiwekwe sukari. Na ukinunua ya boksi, soma maandishi madogo ya upande wa nyuma, ambako viambato hupangwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa hadi kile chenye uzito mdogo. Iwapo maji ni ya kwanza na sukari ni ya pili, ulichoshika ni maji ya sukari yaliyotiwa ladha ya tunda, hata kama nje pamechorwa maembe mazuri.

Fuata msimu

Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki ni mikavu. Matunda mengi tunayokula hutoka mikoa mingine: machungwa hutoka Tanga, hasa Muheza, na Morogoro, maparachichi hutoka Njombe, Iringa, Mbeya na Kilimanjaro, mananasi hutoka Pwani na Kanda ya Ziwa. Anayetaka kula tunda lilelile mwaka mzima atalipa bei kubwa kwa tunda lililochoka safarini. Anayefuata msimu atakula maembe kwa wingi kuanzia Novemba hadi Februari hivi, atahamia kwenye zabibu na mapera, na inapofika katikati ya mwaka atakuwa anakula machungwa yaliyoshuka bei. Papai na ndizi hupatikana karibu mwaka wote, na hivyo zinafaa kuwa nguzo ya kila wiki, na matunda ya msimu yakazunguka pembeni yake.

Zabibu ni jambo la pekee. Katika maeneo kama Mpunguzi, Hombolo, Makutupora, Bihawana na Veyula mzabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka, mavuno moja yakiangukia kati ya Februari na Aprili na mengine kuanzia Agosti, jambo ambalo nchi za baridi haziwezi kulipata kwa sababu huko mzabibu hulala wakati wa theluji. Sehemu kubwa ya zabibu hizo hulimwa kwa ajili ya mvinyo, na nyingine hukamuliwa na kuuzwa kama mchuzi wa zabibu, lakini zile zinazouzwa kando ya barabara ni tunda halisi la mezani, na inanisikitisha kuona mgeni kutoka Dar es Salaam akinunua kilo 5 kwa furaha huku mwenyeji akizipita. Zina mbegu na ngozi yake ni nene kidogo. Kumeza mbegu chache hakumdhuru mtu mzima, na ngozi hiyo ndiyo yenye nyuzinyuzi, kwa hiyo isitemwe.

Kuchagua zabibu kunahitaji macho matulivu. Tazama kikonyo kwanza: kikiwa kibichi na chenye unyevu, kichala kimechumwa karibuni, na kikiwa cha kahawia na kikavu, kimekaa siku kadhaa. Onja moja, kwa sababu zabibu haiivi tena baada ya kukatwa mtini, na ikiwa chachu leo itabaki chachu kesho. Ule unga mweupe mwembamba unaofunika punje zote kwa usawa si dawa, kama watu wengi wanavyohofu, bali ni nta ya asili ya tunda lenyewe, na kuwepo kwake kunaonyesha kwamba zabibu hazijashikwashikwa sana. Madoa ya kijivu au ya kibuluu yaliyokauka kama matone yanaweza kuwa mabaki ya dawa ya kupulizia, na zabibu za namna hiyo zioshwe kwa uangalifu zaidi au ziachwe.

Kanuni hiyo ya kuiva hugawa matunda yote katika makundi 2, na ukiifahamu hutapoteza tena fedha. Embe, ndizi, papai, parachichi na pera huendelea kuiva nyumbani, kwa hiyo nunua mengine yaliyoiva kwa ajili ya leo na mengine magumu kwa ajili ya siku 3 au 4 zijazo. Chungwa, nanasi, tikiti maji na zabibu haviongezi utamu vikishachumwa, kwa hiyo vinunuliwe vikiwa tayari. Nanasi linuse upande wa chini. Lisipotoa harufu tamu, liache. Tikiti maji liwe zito kuliko linavyoonekana na liwe na baka la manjano pale lilipolalia ardhi, maana baka jeupe huashiria kwamba lilikatwa mapema. Chungwa lisihukumiwe kwa rangi, kwa kuwa katika nchi za joto chungwa lililoiva kabisa laweza kubaki la kijani kwa kukosa usiku wa baridi unaobadilisha ganda. Lihukumiwe kwa uzito wake kiganjani na ulaini wa ngozi yake.

Kwa wale wanaofanya manunuzi ya wiki katika Soko la Majengo au Soko Kuu la Job Ndugai, ushauri wangu ni kumzoea muuzaji mmoja au wawili na kuwaambia wazi siku utakayolila tunda. Mama anayeuza maparachichi ataambiwa, "Nipatie la leo jioni na la Jumatano," naye atayachagua kwa vidole vyake kwa ustadi ambao mnunuzi hana, tena atafanya hivyo kwa moyo ikiwa anajua kwamba utarudi. Usiyaminye mwenyewe. Parachichi lililominywa na wanunuzi 10 huoza kabla ya kuuzwa, na hasara hiyo humwangukia yeye.

Vumbi, maji na kisu

Wakati wa kiangazi vumbi la Dodoma hukaa juu ya kila kitu, na tunda lililopangwa kando ya barabara hubeba vumbi, moshi wa magari na alama za mikono ya watu wengi. Kuliosha si hiari. Osha mikono kwanza kwa sabuni, kisha osha tunda kwa maji safi yanayotiririka huku ukilisugua kwa viganja. Nyumba isiyo na maji ya bomba yanayotoka kila siku, na nyumba za namna hiyo ni nyingi, itumie mabeseni 2: katika la kwanza tunda lisuguliwe litoe uchafu, kisha lisuuzwe kwa kumwagiwa kwa kikombe maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini juu ya beseni la pili. Tunda lisioshwe kwa sabuni, kwa sababu sabuni hupenya katika vitundu vya ganda na huliwa pamoja na tunda.

Hata tunda linalomenywa huoshwa. Watu wengi hukata tikiti maji au papai bila kuliosha, wakiamini kwamba ganda halili mtu, lakini kisu hupita juu ya ganda na kuingiza ndani kila kilichokuwa nje. Niliwahi kuugua tumbo kwa siku 4 baada ya kula matunda yaliyokatwa tayari niliyoyanunua kando ya njia wakati wa joto kali, na tangu hapo sinunui tunda lililokatwa kabla sijafika. Ukihitaji matunda ya kukatwa, omba yakatwe mbele yako, tazama kisu na maji yanayotumika kukisafishia, na uyale palepale. Tunda lililokatwa halipaswi kukaa zaidi ya saa 2 nje ya jokofu, na kwenye jua la adhuhuri muda huo uwe mfupi zaidi. Wakati wa tahadhari ya kipindupindu, matunda ya kukatwa ya mitaani yaachwe kabisa, na tubaki na yale tunayoyamenya wenyewe.

Kuhifadhi katika hewa kavu

Mahali pa tunda ni mezani, si ndani ya droo ya chini ya jokofu. Nyumbani kwetu maembe yalikuwa yakioza humo kwa kusahauliwa, na tulipoyahamishia kwenye ungo juu ya meza, yakafunikwa kwa kawa kuzuia nzi na vumbi, yalianza kuliwa pasipo mtu yeyote kuhimizwa. Watoto huchukua kilicho karibu na mkono. Maembe, mapera na machungwa yaoshwe siku ya kununuliwa, yakaushwe kwa kitambaa safi, kisha yapangwe. Zabibu zisioshwe zote kwa pamoja, kwa sababu unyevu huziozesha, bali zioshwe kiasi cha kuliwa wakati huo.

Ndizi zilizoiva hutoa hewa inayoharakisha kuiva kwa matunda jirani. Tumia tabia hiyo unapotaka: funga parachichi gumu pamoja na ndizi mbivu ndani ya mfuko wa karatasi, na litalainika mapema. Usipotaka, ziweke ndizi mbali. Ndizi na embe bichi zisiingizwe kwenye jokofu, kwa kuwa baridi husimamisha kuiva na kuharibu ladha.

Kwa asiye na jokofu, ukavu wa Dodoma ambao tunaulalamikia kila mwaka unageuka kuwa msaada. Chukua vyungu 2 vya udongo visivyopakwa rangi, kimoja kikubwa na kingine kinachoingia ndani yake kikiacha nafasi ya vidole 2 au 3 pande zote. Weka mchanga chini ya chungu kikubwa, simamisha kidogo juu yake, jaza mchanga katika nafasi iliyobaki, kisha mwagia mchanga huo maji hadi ulowe. Weka matunda ndani ya chungu kidogo, funika kwa kitambaa kilicholowa, na ukiweke kivulini mahali ambapo upepo unapita. Maji yanapopenya udongo na kukauka nje huchukua joto pamoja nayo, kama yanavyofanya katika mtungi wa maji ya kunywa, na kadiri hewa inavyokuwa kavu ndivyo ubaridi unavyoongezeka. Mchanga umwagiwe maji asubuhi na jioni, na maji ya kusuuzia matunda yanatosha kwa kazi hiyo. Zabibu, mapera na machungwa hukaa humo vizuri kuliko mezani. Katika miezi ya mvua, hewa ikiwa na unyevu, chungu hiki hakifanyi kazi sana, na ni heri kununua kidogo kidogo.

Mbuyu

Haifai kuzungumzia matunda ya Dodoma bila kuutaja mbuyu, mti ambao wazee wa Kigogo waliutumia kwa matunda, majani na magamba yake. Ubuyu hukomaa wakati wa kiangazi, majira ambayo matunda mengine ni machache, na hukaukia ndani ya ganda lake mwenyewe, hivyo kwamba mtu huweza kuuweka kwa miezi bila jokofu wala dawa. Unga wake una vitamini C ambayo, gramu kwa gramu, kwa kawaida huzidi ile ya chungwa, na una kalisi na nyuzinyuzi nyingi.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaufahamu ubuyu kwa sura ya zile mbegu nyekundu zilizopikwa kwa sukari na rangi, ambazo zimehama kutoka kundi la matunda na kuingia kundi la peremende. Nunua ubuyu mweupe, twanga taratibu na uchekeche, au loweka mbegu zake katika maji safi yaliyochemshwa yakapoa, koroga mpaka nyama iachane na mbegu, kisha chuja. Vitamini C huharibiwa na moto, kwa hiyo unga wa ubuyu usipikwe pamoja na uji: ipua uji wa uwele, mtama au ulezi, uache upoe kiasi cha kunyweka, kisha koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ubuyu katika kila kikombe. Uchachu wake huupa uji ladha ambayo ilikuwa ikitafutwa kwa sukari, na kaya nyingi zitaona kwamba zinaweza kupunguza sukari ya uji kwa nusu. Ukwaju hutumika vivyo hivyo. Kunazi, zambarau na furu nazo zina thamani, na mtoto anayerudi kutoka machungani mdomo umepakaa zambarau asigombezwe. Aoshwe mikono, na matunda yaoshwe, kisha aachwe ale.

Wanaohitaji uangalifu zaidi

Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Kabla ya hapo hata juisi ya chungwa haifai. Baada ya hapo aanze kwa papai, parachichi au ndizi iliyopondwa. Zabibu nzima ni hatari kwa mtoto aliye chini ya miaka 5, kwa sababu punje yake ni laini, ya mviringo, na inalingana na njia ya hewa ya mtoto, ikaweza kuiziba kabisa. Katika mkoa ambao zabibu zimejaa mitaani onyo hili lilistahili kusikika zaidi ya linavyosikika: ikate kila punje kwa urefu mara 2 ili itoe vipande 4, ondoa mbegu, na mtoto ale akiwa ameketi, asikimbie wala kucheka na chakula mdomoni.

Mwenye kisukari hazuiwi matunda, ila anapimiwa. Ale tunda zima badala ya juisi, ale sehemu moja kwa wakati badala ya sahani iliyojaa, na atambue kwamba matunda hayalingani: gramu 100 za zabibu zina sukari ya gramu 16 hivi, ilhali tikiti maji na pera zina karibu nusu ya hiyo kwa uzito huohuo. Apime sukari yake kabla na saa 2 baada ya kula, aandike, na aende na daftari hilo kliniki, kwa kuwa mwili wake mwenyewe ndio utakaomwongoza yeye na daktari. Mgonjwa wa figo asiongeze ndizi, maparachichi wala machungwa bila kumuuliza daktari, kutokana na madini ya potasiamu yaliyomo. Na anayetumia dawa za shinikizo la damu au za kushusha lehemu aulize kuhusu balungi, kwa kuwa tunda hilo hubadilisha namna mwili unavyozitumia baadhi ya dawa hizo.

Mpapai mmoja uani

Hatua ya mwisho ni kupanda, na mti ninaoupendekeza kwa uwanja mdogo wa Dodoma ni mpapai, kwa sababu huzaa mapema kuliko miti mingine ya matunda na huridhika na maji yaliyotumika kuoshea mboga. Sia mbegu katika viriba mwezi Oktoba, na uhamishe miche mvua zikishashika vizuri mwezi Desemba au Januari. Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na upana huohuo, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, na uchague mahali ambapo maji hayatuami, maana mpapai huvumilia kiu kwa siku chache lakini huoza shina ukisimama kwenye tope.

Panda miche 3 katika shimo moja. Baada ya miezi michache itachanua, na hapo ndipo utakapoitambua: mpapai dume hutoa maua madogo mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, na jike hutoa maua makubwa yaliyokaa karibu na shina, kila moja likiwa na kitunda kidogo chini yake. Bakiza mche mmoja wenye afya, wa kike au wenye maua ya jinsia zote mbili, ung'oe mingine, na ikiwa mtaani hakuna dume karibu basi uache mmoja mahali fulani kwa ajili ya uchavushaji. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mti kuhifadhi unyevu, ukiziacha mbali na shina kwa upana wa kiganja ili mchwa wasipate daraja. Mwagilia jioni. Kati ya miezi 9 na 12 tangu kupanda, papai la kwanza litaonyesha mistari ya manjano kwenye ganda. Lichume wakati huo, kabla ndege hawajaliona, na uliache juu ya ungo mezani siku 3 liive.